Mpagazi asiye na bunduki: shajara ya kuandika riwaya ya vita

Naandika riwaya ya Vita Kuu ya Kwanza ilivyopita kwetu, 1914 hadi 1918. Nataka isomwe na kijana wa kidato cha kwanza, na mama yake akiiokota mezani asiirudishe kwa kudhani ni ya watoto. Shajara hii naijaza kila hatua inapokwisha. Gharama nimeziweka wazi, kwa sababu nilipoanza niliuliza waandishi watatu kitabu kiliwatoka shilingi ngapi, na wote watatu wakacheka. Anayetaka kuiga aige, ila aanze kusoma nilipokosea.

6 Januari 2024: Vita ipi

Nilikuwa na vita mbili mkononi. Ya kwanza ni ya Kagera, 1978 na 1979. Baba mdogo alikuwemo, na kila nikiandika sentensi namwona amevaa miwani anaisoma. Nimeiacha.

Ya pili ni ya Wajerumani na Waingereza, nayo iko mlangoni kwangu. Naishi Tanga. Ras Kasone, walikoshukia askari wa Uingereza na India usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, ni mwendo wa bodaboda tu. Walikuja kama 8,000. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwapokea na watu 1,000 hivi, wengi wao Waafrika. Kufikia tarehe 5 waliokuja walikuwa wamerudi melini, wameacha nyuma bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi 600,000. Katikati ya mapigano, nyuki waliokuwa mitini walichafuka wakauma pande zote mbili bila kuuliza nani ni wa nani.

Nikasema hadithi imejiandika yenyewe. Kumbe.

Gharama: madaftari na kalamu, 6,500.

25 Februari 2024: Rasimu ya kwanza, maneno 31,000

Imekwisha kwa wiki saba. Ningepaswa kushtuka.

Shujaa ni Kombo, miaka 19, askari katika jeshi la Wajerumani. Sura kumi, na kila sura inaishia kwa mlio wa bunduki. Nilichokipenda ni utafiti wa silaha: askari wengi wa Kijerumani walianza vita na bunduki ya mtindo wa 1871, ya baruti nyeusi, ambayo ukipiga risasi moja inatoa wingu la moshi na adui anajua ulipo. Nimeandika kurasa sita za moshi. Nilizisoma kwa sauti jikoni, mke wangu akasema, "Mume wangu, hawa watu hawali?" Nilidhani ananikumbusha chakula cha mchana.

17 Machi 2024: Darasani, na anguko

Rafiki yangu mwalimu alinipa Jumamosi moja na wanafunzi 38 wa kidato cha pili. Nilitoa fotokopi ya sura tatu, kila mmoja na yake.

Kosa dogo kwanza. Niliandika "mizinga ikaanza kulia" na ukurasa mmoja mbele "mizinga ikapasuka". Nusu ya darasa walielewa mizinga ya nyuki, nusu ya baruti, na kijana mmoja alielewa kwamba Waingereza walirusha nyuki kutoka melini, jambo ambalo ni zuri kuliko nilichoandika mimi. Dawa: ya nyuki ni mizinga ya nyuki kila inapotajwa hata kama inachosha, na ya meli naiita "mzinga wa meli". Ukiandika vita kwa Kiswahili, neno hili litakukamata.

Kosa kubwa likaja mwishoni. Wavulana wa nyuma walipenda risasi, wakaniuliza Kombo ameua wangapi. Nikawa najibu kwa furaha. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu aliyebeba sanduku la risasi anaitwa nani?"

Nikatafuta. Sura ya pili, mstari mmoja: "Wapagazi wakafuata nyuma na masanduku." Ndio wote. Watu mamia, mstari mmoja, hawana jina, hawana njaa, wala hawaulizi wanakwenda wapi. Nikamwambia sijampa jina. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, nami nikaona aibu kama niliyekamatwa sokoni.

Jioni ile nilitupa rasimu. Kati ya maneno 31,000 nilibakiza kurasa nne za nyuki. (Kurasa hizo nne zitanitesa baadaye, soma hadi mwisho.)

Gharama: fotokopi 91,200, soda na maandazi 40,000.

12 Mei 2024: Kumtafuta aliyebeba sanduku

Nilikwenda Dar kwa siku mbili. Kwanza nikasimama mbele ya Sanamu ya Askari pale katikati ya mji. Iliwekwa 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani von Wissmann. Nimeipita mara mia tangu utoto na sikuwahi kusoma maandishi yake. Yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ukiinua macho juu, aliyesimama ni askari peke yake na singe yake. Nairobi walimweka mpagazi pamoja na askari. Sisi tumemwacha kwenye maandishi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa sanamu hii hii kwa maneno.

Halafu nikaenda Kariakoo kununua betri za redio, nikiwa nalitamka jina hilo bila kulifikiria. Hapo ndipo ilipokuwa kambi ya Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo la Waingereza baada ya kuuteka mji Septemba 1916. Midomo yetu ikaligeuza ikawa Kariakoo. Nairobi wana Kariokor yao.

Mambo niliyorudi nayo, kwa ufupi. Farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo vita nzima ilibebwa vichwani. Kumbukumbu za Waingereza zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, na wanahistoria waliozipitia upya wanakaribia laki moja. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengi walikwenda na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa jina popote.

Kisha nikavuka Horohoro kwenda Mombasa kuuona mzinga wa Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, pale Fort Jesus. Meli hiyo ilizamishwa na wenyewe kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikatiwa magurudumu, ikavutwa nchi nzima. Niliweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa cha moto, saa saba mchana, ikabidi niutoe mkono. Waliouvuta huu walikuwa mamia kwa kamba, wengine bila hata kitambaa cha kushikia. Picha ya kiganja kile ndiyo ikawa sura ya tatu.

Zawadi kubwa nimeipata karibu zaidi, Muheza, kwa bibi mmoja ambaye babu yake alikuwa mpagazi. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, chai, kisha nikatoa daftari nikauliza habari za vita. Akasema hajui vita. Nikauliza tena kwa njia nyingine, hajui. Nikafunga daftari. Tulipoletewa chakula ndipo akasema babu yake akipewa ugali alikuwa anaubonyeza kwanza kwa kidole, na kama haujaiva katikati, anainuka bila neno na kwenda kulala na njaa. Walidhani ni madeko. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma kwamba unga uliopikwa haraka bila kuni za kutosha ndio ulioua watu matumbo. Sikumwambia. Nilikula nikanyamaza.

Kwa anayeiga: acha kuuliza habari za vita, uliza walikula nini.

Gharama: Dar 130,000, Mombasa 85,000, Muheza bure, na nilirudi na machungwa.

29 Juni 2024: Jaribio la kilo 25

Sikuweza kuandika mwendo wa mzigo, kila sentensi ilikuwa inatoka kama ya mtu aliyekaa. Nikanunua kiroba cha sembe kilo 25, nikasokota ngata ya kanga, nikaanza kutembea Pongwe kuelekea Muheza saa kumi na mbili asubuhi, na mpwa wangu nyuma kwa baiskeli.

Nilidhani kichwa kitauma. Kichwa hakikuuma. Kinachokufa kwanza ni shingo, halafu macho. Huwezi kutazama chini, kwa hiyo unajikwaa. Huwezi kugeuka, kwa hiyo hujui aliye nyuma yako yupo au ameanguka. Dunia yote inakuwa kisogo cha aliye mbele. Mimi mbele yangu hakukuwa na mtu, nikamwambia mpwa wangu apite mbele na baiskeli, nikatembea kilomita tatu nikitazama kovu dogo chini ya sikio lake ambalo sikuwahi kuliona tangu azaliwe.

Kilomita ya tisa nimeutua mzigo, na sikuweza kuuinua tena. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda shamba alinisaidia kuupandisha kwenye baiskeli, akaniuliza, "Baba, pikipiki hazipo?" Mpwa wangu akamjibu kwamba mjomba anaandika kitabu. Akasema pole.

Nyumbani nikapiga hesabu ya kitoto kwenye kisogo cha daftari. Mpagazi ana kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku nane kwenda na nane kurudi, amekula 16, amefikisha tisa. Siku 12 kwenda na 12 kurudi, amekula 24, anakabidhi kilo moja. Nikaielewa vita kuliko kwa ramani zote nilizotazama. Jeshi likisogea, lazima uongeze watu, na watu nao wanakula, au uwapunje waliopo. Waliwapunja. Hesabu hii nimeiingiza kwenye riwaya kama ilivyo, Kombo anaifanya kwa kokoto. Wanafunzi wanaochukia hesabu wameipenda, na wasomaji wazima wawili wameniambia waliifunga sura hapo wakakaa kimya.

Kombo sasa ana miaka 13 Tanga inapopigwa, anachota maji. Anabebeshwa na Wajerumani, anatekwa 1916, Waingereza wanambebesha mzigo uleule kuelekea upande mwingine. Hilo lilitokea kwa watu wengi na sikulazimika kulipamba.

Gharama: unga 37,500 (tuliula), dawa ya kuchua 12,000.

4 Septemba 2024: Lugha ya 1916

Rasimu ya pili, maneno 44,000. Nimempa mwalimu wa historia aliyestaafu. Kanirudishia na wino mwekundu mwingi kuliko mweusi.

Wahusika wangu walikuwa wanasema "Tanganyika". Nchi haikuwa na jina hilo hadi 1920. Walikuwa wanalipwa "shilingi", ambazo zimekuja na Waingereza baada ya vita. Enzi ile ni rupia. Na walikuwa wanasema "hela" kwa maana ya fedha yoyote, wakati hela ilikuwa sarafu, Heller ya Mjerumani, mia kwa rupia moja. Vita ilipokaza na meli hazifiki, walipiga hela za shaba nyeupe na nyekundu Tabora 1916. Leo tunasema "sina hela" na hatujui tunamtaja Mjerumani. Hili la mwisho sikulisahihisha tu, nimelipa ukurasa: Kombo anashika hela ya Tabora, mbaya, imepinda upande, na mchuuzi anaikataa.

Nikafungua kompyuta nikabadilisha "shilingi" kuwa "rupia" kwa mkupuo, na "Tanganyika" kuwa "nchi ya Wadachi" kwa mkupuo. Nililala vizuri. Wiki mbili baadaye nikakuta Wabelgiji wanavuka "Ziwa nchi ya Wadachi". Badilisha moja moja.

Wadachi wenyewe walileta kesi. Waswahili wa enzi ile waliwaita Wajerumani Wadachi. Nililiona neno hilo kwenye kurasa chache za Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililokuwa linachapwa hapa hapa Tanga kwenye shule ya Wajerumani. Nikalitumia kote kwa fahari. Vijana wanne kati ya sita waliosoma wakaniuliza Waholanzi walikuja lini Tanga. Dawa: wazee ndani ya hadithi wanasema Wadachi, msimulizi anasema Wajerumani, na mara ya kwanza wanakutana ndani ya sentensi moja ili msomaji aunganishe mwenyewe. Tanbihi nilizijaribu. Vijana hawazisomi, wazima wanazisoma na kupoteza hadithi. Nimezifuta zote 57.

Vyeo nimebakiza vitatu tu: ombasha, shaushi, efendi. Vinasikika vilivyo, na havihitaji maelezo: anayepiga kelele ni shaushi.

3 Novemba 2024: Damu

Hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili.

Nilifikiri riwaya ya vijana na wazima lazima iwe na matoleo mawili. Nikatengeneza la vijana, nikalainisha vifo: watu wanapumzika, wanalala usingizi wa milele, mto unawachukua kwa upole. Nikatengeneza la wazima, nikamwaga matumbo. Nikachapa sura ya Mahiwa kwa namna zote mbili na kuzipeleka kwa wanafunzi walewale, sasa 31, na kwa wazima tisa, bila kuwaambia ipi ni ya nani.

Vijana waliikataa ya vijana. Mmoja aliandika pembeni: "Hapa mwandishi anajua kitu hasemi." Wazima waliikataa ya wazima. Dada yangu, ambaye ni muuguzi na ameona mengi kuliko mimi, alisema, "Kaka, umeandika kama mtu ambaye hajawahi kuona." Kweli, sijawahi.

Mahiwa ni kule Lindi, Oktoba 1917, siku nne, tarehe 15 hadi 18. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kufa na kujeruhiwa. Matoleo yangu yote mawili yalikuwa yamemsimamisha msomaji katikati ya bombomu, mahali ambapo Kombo hayupo. Kombo yupo kwenye machela, nyuma, anabeba majeruhi. Nilipomrudisha mahali pake, matoleo mawili yakawa moja.

Naiweka hapa sehemu yenyewe, kwa sababu nimeulizwa:

"Kila walipotua, yule bwana aliomba maji. Walipotua mara ya kwanza aliomba. Mara ya pili aliomba, na Kombo akamlowesha midomo kwa kona ya shuka. Mara ya tatu hakuomba. Kombo akamtazama Mzee Ngwale, na Mzee Ngwale akatazama njia. Maiti huzikwa hapo hapo, kisha wabebaji hurudi mbele kuchukua sanduku. Majeruhi hupelekwa hadi hospitali, mwendo wa saa sita, mbali na risasi. 'Inua,' akasema Mzee Ngwale. 'Ana usingizi.' Wakainua wanne, taratibu, wasimwamshe."

Hakuna tone la damu. Wanafunzi 31 wote walielewa, wengine kwa kuchelewa, na walibishana kama ni dhambi. Wazima hawakubishana. Sijagusa tena sura ile.

Lililobaki bila dawa nzuri ni wanawake walioandamana na msafara wa Wajerumani, wake na wasio wake, na watoto mgongoni, hadi Msumbiji. Mambo yaliyowapata hayaandikiki kwa kidato cha kwanza kwa jinsi ninavyojua mimi kuandika. Nimeweka mwanamke mmoja anayeacha kuimba katikati ya sura ya nane, na Kombo anaona ameacha. Mzima atajua. Sijui kama inatosha.

Gharama: fotokopi mara ya pili, 96,000.

9 Machi 2025: Mwisho uliokataa kukaa

Mwisho wa kwanza niliuweka Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck anaposalimisha silaha wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Mandhari kubwa, mvua, bunduki zinawekwa chini. Mhariri wangu (400,000, na kila senti ni halali yake) aliandika swali moja: "Kombo kaja kufanya nini huku?" Kombo hakuwa na jibu, wala mimi. Nilikuwa nimemkimbilia tena mwenye bunduki.

Kombo ameachwa Lindi na homa tangu mwanzo wa 1918. Kwa hiyo mwisho wa pili ni dirishani, anadai mshahara wa Mzee Ngwale ampelekee mjane. Karani anauliza namba. Kombo anajua jina, anajua kijiji, anajua alivyokuwa akikohoa, namba haijui. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikudaiwa kwa namna kama hiyo, ikabaki serikalini. Sura nzima kurasa tano, na mtu anayepaza sauti ni karani tu.

Hapa katikati mswada ulikaa miezi mitano kwa mchapishaji mmoja. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu: vita haiuzi, ongeza mapenzi, Kombo apate mchumba. Nilifikiria siku tatu kwa uaminifu. Kombo ana miaka 16 na anaharisha. Nikaamua kuchapa mwenyewe.

1 Juni 2025: Jalada na chapa

Mchoraji ni kijana hodari. Nilimwambia "vita, Tanga, zamani" nikaenda zangu. Akaleta askari mwenye bunduki ya magazini iliyopinda, ile tunayoiona kwenye habari, na buti za kisasa. Kosa ni langu, sikumpa picha hata moja. Mara ya pili nilimpa picha za zamani 11 na ile ngata yangu. Akachora miguu: jozi nne za nyayo peku kwenye tope, na vivuli vya masanduku juu yake. Hakuna silaha jaladani. Muuza vitabu mmoja alisema hakitajulikana kuwa ni cha vita. Tumeandika "riwaya ya vita" kwa herufi ndogo chini, akatulia.

Upangaji wa kurasa, ISBN, saizi A5, kurasa 176, nakala 500. Yalikwenda salama, sina la kusimulia.

Gharama: jalada 150,000 na marudio 60,000, upangaji 180,000, chapa 4,600 kwa nakala, yaani 2,300,000.

20 Julai 2025: Hesabu, na ukurasa wa 19

Jumla tangu Januari 2024 ni 3,588,200. Nilikuwa nimepanga bei 9,000, nikaona nikiuza nakala 399 nimerudisha. Nikasahau kwamba duka linakata asilimia 30. Kwa 6,300 mkononi ningehitaji kuuza nakala 570, nami nina 500. Yaani ningeuza zote na bado nidaiwe. Sasa dukani ni 12,000, na shuleni napeleka mwenyewe kwa 9,000, kwa pikipiki, nakala 40 kwa safari, ambazo zina uzito wa kilo kumi na kidogo. Nazifunga nyuma, sizibebi kichwani.

Zimetoka 112. Binti wa dawati la mbele, sasa yuko kidato cha tatu, amesoma na kusema sura za Kilwa zinachelewa. Ni kweli, zinachelewa.

Na juzi msomaji mmoja wa Korogwe kanipigia simu. Kasifu, kashukuru, halafu kauliza taratibu: ukurasa wa 19, wakati wa nyuki, Kombo anafungua kamba za viatu akimbilie majini. Viatu kavipata wapi? Nikafungua kitabu. Ni zile kurasa nne nilizoziokoa kutoka rasimu ya kwanza, alipokuwa askari. Zimepita kwangu, kwa mwalimu mstaafu, kwa mhariri, kwa wanafunzi, kwa mchoraji wa nyayo peku, na hakuna aliyeona.

Nimekaa sebuleni na mpwa wangu na kalamu mbili nyeusi. Nakala 388, ukurasa wa 19, mstari wa saba: tunakata "akafungua kamba za viatu", tunaacha "akakimbilia majini". Tumefika ya 140.